Nimetumia ANTLR na Bison kwa kazi ya sacco, haya ndiyo nimeona

Kama kuna mtu hapa Kisumu ama kwingine anataka kujenga kompaila, ama kitu cha kugeuza lugha moja ya programu kuwa nyingine, hebu soma hii kwanza. Kazi yangu ilikuwa ya sacco, masharti yao ya mikopo yamelala kwa mafaili ya mfumo wa kitambo, IF hisa zimefika kiasi fulani THEN riba ni hii, na wanataka yote yahamie Python. Regeksi (mifumo ya kutafuta maandishi) inasaidia mpaka ufike mabano ndani ya mabano, hapo sasa unahitaji sarufi (sheria za vile lugha imepangwa) na pasa ya ukweli, yaani programu inayosoma maandishi kwa kufuata sheria hizo. ANTLR na Bison ni zana za kukutengenezea hiyo pasa.

ANTLR 4 ya Terence Parr ndiyo nimebaki nayo. Faili yake ya jar ni kama MB 2 hivi, haimalizi bando, lakini lazima uwe na Java hata kama pasa unayotaka ni ya Python. Utamu wake ni vile unaandika sheria za hesabu kawaida tu, expr '*' expr halafu chini yake expr '+' expr, ile iko juu ndiyo inashika kwanza, basi. Halafu inakupa visita, yaani kodi ya kupitia sehemu moja moja ya mti ambao pasa imejenga kutoka kwa faili, unatembea kwa huo mti huku unaandika Python, yaani kazi inakuwa nyepesi sana. Chunga tu toleo la jar lifanane na la maktaba ya Python juu yakitofautiana ni ero tupu. Na ujue pasa ya Python ni polepole kuliko ya Java, mafaili yangu ni madogo kwa hivyo hainisumbui.

Sasa pale Bison inaipiku. Chukua IF ndani ya IF na ELSE moja mwishoni, hiyo ELSE ni ya nani? Bison inakwambia palepale ikijenga pasa kwamba kuna shift/reduce conflict, yaani kuna njia mbili na sarufi haisemi ifuate gani, na kuanzia toleo la 3.7 la 2020 ukiweka -Wcounterexamples inakuonyesha mfano wenyewe wenye utata. ANTLR nayo inachagua njia iliyotangulia kwa sarufi na inanyamaza kimya, mpaka uwashe DiagnosticErrorListener (sehemu yake ya kuripoti utata) mwenyewe, na hata hapo itasema tu kama faili unayosoma ina huo utata. Kwa kikokotoo cha kuchezea sawa, lakini kwa mikopo ELSE ikishikana na IF isiyo yake mama mboga wa soko la Kibuye anakatwa riba ya mtu mwingine! Ndiyo maana sehemu ya IF niliiandika pia kwa Bison nione ikilalamika, nikaisafisha, ndio nikarudi ANTLR. Singeweza kubaki na Bison juu yenyewe inatoa C, C++, D na Java, Python hakuna, na ujumbe wake ni mkavu kama hujui LALR (mbinu yake ya kusoma sarufi) ni nini.

Zote ni za bure. Asiyetaka kusikia Java kabisa ajaribu Lark, zana nyingine kama hizi lakini ya Python, unaiweka na pip na unachagua mbinu ya kusoma, Earley ama LALR, kwa sarufi ndogo iko poa.