Kotesheni ya tovuti ya 850,000: inafaa kulipwa?

Mwenye gesti Mikindani au muuza vifaa vya ujenzi Masasi akiulizia tovuti, kwa kawaida huletewa kifurushi cha kurasa tano: Mwanzo, Kuhusu Sisi, Huduma, Picha, Mawasiliano. Kotesheni inakuja kwa WhatsApp, PDF ya ukurasa mmoja, na chini yake jumla moja tu. Hapa tunachukua shilingi 850,000 kama mfano na kuipasua. Kwa kazi hiyo tunaiona ni bei ya haki, kwa masharti mawili: jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti yako mtandaoni, liwe mali ya mwenye biashara, na gharama ya mwaka wa pili iandikwe kwenye karatasi hiyo hiyo. Sharti moja likikosekana, hata laki tatu ni ghali.

Sehemu kubwa ya pesa ni nguvu kazi. Tovuti ya namna hii haijengwi kuanzia msingi. Inasimikwa juu ya WordPress, programu ya bure iliyopo tangu 2003, na sura yake inatoka kwenye templeti iliyo tayari. Kusimika programu na templeti ni siku moja. Kupanga kurasa tano, siku mbili. Kuandika maneno na kutengeneza picha, siku mbili. Kujaribu kwenye simu za aina tofauti na kurekebisha, siku moja. Jumla siku sita. Fundi akijihesabia 90,000 kwa siku inakuwa 540,000. Kikoa na nafasi kwenye seva, kompyuta inayohifadhi tovuti, tukiviwekea 150,000 kwa mwaka, tumefika 690,000.

Ile 160,000 iliyobaki ndiyo ya kuulizia. Kama mpiga picha anakuja gestini kupiga vyumba, au kama ni marekebisho ya miezi mitatu baada ya makabidhiano, lipa bila kinyongo. Kama imeandikwa "cheti cha usalama", ikatae. Hicho ndicho kinacholeta alama ya kufuli kwenye kivinjari, na shirika la Let's Encrypt linakitoa bure. Kinadumu muda mfupi, lakini seva iliyopangwa vizuri inakihuisha yenyewe bila mtu kukigusa. Uliza pia kama jumla ina VAT. Fundi aliyesajiliwa kwa VAT akiongeza asilimia 18 juu ya 850,000, unadaiwa 153,000 zaidi, na jumla inakuwa 1,003,000. Jambo hilo lijulikane kabla ya advansi.

Sasa jina la kikoa, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoumia. Hulinunui mara moja likawa lako milele; unalilipia kila mwaka, kama fremu ya duka. Majina ya .co.tz yanauzwa na wasajili walioidhinishwa, na mafundi wengi wanamnunulia mteja kwa akaunti yao wenyewe. Hiyo ni njia ya haraka, lakini ina hatari. Fundi akihama mji, akibadili namba, au mkikosana, barua ya kukumbusha malipo inakwenda kwake wakati mwenye biashara hana habari. Muda ukiisha, tovuti inazimika, na barua pepe zote zenye jina hilo zinazimika pamoja nayo. Mgeni aliyeko Ujerumani anayetaka chumba cha Julai anaandika, barua inarudi, anatafuta gesti nyingine. Jina likiachwa muda mrefu zaidi, mtu mwingine anaweza kulisajili.

Kinga yake haina gharama ya ziada. Fungua akaunti kwa msajili kwa jina la biashara, namba yako ya simu na barua pepe yako, lipa mwenyewe, kisha mpe fundi ruhusa ya kuliunganisha jina na seva. Kama jina lilishanunuliwa, litafute kwenye huduma ya WHOIS ya .tz, yaani daftari la mtandaoni la majina yaliyosajiliwa, usome sehemu ya mmiliki: hapo liwepo jina lako au la biashara. Kwa .com taarifa hizo mara nyingi zimefichwa, kwa hiyo mwambie fundi aingie kwenye akaunti ya msajili ukiwa umekaa naye, na akuoneshe tarehe ya kuisha.

Kuhusu nafasi kwenye seva, usibabaishwe na neno "bila kikomo". Kurasa tano zinaenea kwenye GB 2 na nafasi inabaki. Kinachojaza ni barua pepe zenye viambatisho. Swali la maana ni seva iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zilipokatika, intaneti nchini iliyumba vibaya. Siku kama hiyo, tovuti iliyoko kwenye seva ya ndani ya nchi ina nafasi nzuri zaidi ya kufunguka kwa mteja aliyepo Lindi. Iliyoko Ulaya inaendelea kufunguka kwa mtalii aliyeko Ulaya. Chagua kwa kuangalia wateja wako wako upande gani.

Picha ndizo zinazoonesha fundi makini na fundi wa kulipua. Picha moja kutoka kwenye simu janja ina MB 4 hivi. Weka picha 12 za vyumba bila kuzipunguza, ukurasa una MB 48, na mteja wa Newala anayetumia bando la siku ataufunga kabla kitanda cha kwanza hakijaonekana. Picha hizo hizo zikipunguzwa hadi upana wa pikseli 1,600 na kubanwa mpaka KB 150 kila moja, jumla ni MB 1.8, na kwa macho huoni tofauti. Kipimo chake ni rahisi: zima Wi-Fi, fungua ukurasa wa Picha kwa data ya simu, hesabu sekunde.

Fomu ya mawasiliano nayo huwa na ugonjwa wake. Mteja anajaza, anaoneshwa "ujumbe umetumwa", nawe hupati kitu. Mara nyingi seva imetuma barua bila rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kuwa barua imetoka kweli kwenye kikoa chako, ikaishia kwenye spamu au ikakataliwa kabisa. Ijaze mwenyewe, mara moja kwa anwani ya Gmail na mara moja kwa barua pepe nyingine, kabla ya kupokea kazi. Kwa biashara nyingi za Mtwara kitufe cha WhatsApp kinafanya kazi kuliko fomu: kiungo cha wa.me kikifuatiwa na 255 na namba yako, bila sifuri wala alama ya kujumlisha.

Malipo ya mtandaoni ndani ya tovuti tusingeyanunua kwa gesti ya vyumba vitano. Yanahitaji mkataba na kampuni ya malipo, nyaraka za biashara, na makato kwa kila muamala. Lipa namba inatosha. Duka linalotuma mizigo mikoani ni habari nyingine, na kwa 850,000 halijengeki vizuri.

Vifurushi vya laki mbili vyenye "plagini zote za kulipia" tunavikataa moja kwa moja. Plagini ni programu ndogo inayoongezwa kwenye WordPress; ile ya kulipia inayogawiwa bure mara nyingi imechezewa, na miezi michache baadaye tovuti inaanza kumpeleka mgeni kwenye kurasa za kamari.

Kuhusu malipo, asilimia 40 ya kuanzia, 40 ukishaona kurasa zote kwenye simu yako, na 20 ya mwisho, yaani 170,000, ibaki mkononi mpaka uwe na vitu vinne: nywila ya msajili wa kikoa, nywila ya seva, akaunti ya msimamizi wa WordPress kwa barua pepe yako, na bakapu ya tovuti nzima kwenye flashi. Jaribu kila nywila papo hapo, fundi akiwepo, kisha zibadilishe.