Gauni Lililopanda Ndege Likalipia Reli: Uzoefu Wangu na Kampuni ya Vifurushi

Nyota mbili kwa tano. Moja ni ya mama mmoja wa dawati la forodha kwenye ghala lao, nyingine ni ya kijana wa boda aliyeleta mzigo hatimaye. Kampuni yenyewe sijaipa kitu. Jina lake sitalitaja. Ni mojawapo ya hizi kubwa zenye ndege zao, na waliowahi kuletewa kitu kutoka ng'ambo watajua nasema nini.

Agosti 2025 dada yangu anayeishi Birmingham alimtumia mama magauni mawili na viatu vya ngozi. Wazazi wetu walikuwa wanatimiza miaka 40 ya ndoa, sherehe tarehe 23, Jumamosi. Vitu alivinunua dukani kwa pauni 115, risiti anayo, na kusafirisha akalipa pauni 62. Aliniambia kifurushi kitafika Jumatano tarehe 6. Na kweli Jumatano hiyo ukurasa wa kufuatilia mzigo ukaonyesha kimetua JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi ulioko Embakasi. Nikamwambia mama aanze kutafuta kilemba.

Ijumaa nikiwa ndani ya matatu Jogoo Road, ujumbe ukaingia: "Mpendwa mteja, lipa KSh 36,992 ya ushuru na ada ili kifurushi chako kiachiliwe." Nilisoma mara tatu nikidhani kuna koma imekaa vibaya. Magauni mawili na viatu, vyote havijafika elfu ishirini na moja kwa pesa zetu, vinadaiwa karibu elfu thelathini na saba!

Nikapiga simu. Baada ya muziki wa dakika kumi na kitu, binti akapokea.

"Madam, hiyo ni KRA, sisi hatuna uwezo." KRA ndiyo mamlaka ya kodi ya serikali.

"Sawa, nitumie mchanganuo. KRA ngapi, nyinyi ngapi."

"Ukishalipa utapata risiti."

Hapo ndipo pabaya pa hii huduma, na ndiyo sababu naandika. Unaambiwa jumla, jumla inavikwa jina la serikali, na mtu akisikia KRA anajua hakuna wa kubishana naye, analipa. Kumbe ndani ya ile jumla mna pesa za watu wawili, na hata hiyo ya serikali inategemea namba ambayo kampuni ndiyo iliyoijaza kwenye fomu. Nilikataa kulipa. Niliwaandikia barua pepe nikitaka vitu viwili tu: mchanganuo wa ada zote, na nakala ya hati ya forodha waliyowasilisha kwa niaba yangu. Jumatatu vikaja. Sikuwatukana hata kidogo, ingawa nilikuwa nimeandika rasimu moja nikaifuta.

Sasa nieleze hesabu, maana huku kwetu wengi hudhani ushuru ni mtu amekaa kibandani anakukadiria kwa macho. Nguo zilizoshonwa tayari na viatu vya ngozi viko kwenye kundi la juu kabisa la ushuru wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, asilimia 35, kiwango kilichoanza Julai 2022 ili kulinda washonaji na viwanda vya hapa. Halafu unachukua thamani ya mzigo, unaongeza ule ushuru, jumla yake ndiyo inayotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16. Yaani unalipia kodi juu ya kodi. Kisha kuna IDF, ada ya kutangaza mzigo, asilimia 2.5 ya thamani. Na mwisho tozo ya reli, asilimia 2.

Ndiyo, reli. Ilianzishwa mwaka 2013 kwa ajili ya SGR, ile reli mpya ya Mombasa na Nairobi, na haijaondoka mpaka leo. Desemba 2024 ilipandishwa kutoka 1.5. Gauni la mama limepaa kutoka Uingereza, limetua Embakasi, halijawahi kuona hata mataruma, na limechangia garimoshi la Mombasa. Baba nilipomweleza alicheka mpaka akakohoa. Alisema angalau walipe nauli ya siku moja aende Mombasa akalitembelee.

Ukijumlisha, kwa nguo unalipa serikali kama asilimia 61 ya thamani. Ni nyingi, sikatai, na kule dada alishakatwa VAT yao ya asilimia 20 dukani. Neno "zawadi" aliloandika kwa herufi kubwa juu ya boksi halikupunguza hata senti. Lakini asilimia 61.1, ukihesabu kamili, ya shilingi 20,000 ni 12,220. Mimi kwenye mchanganuo nilikuwa nimewekewa 31,772 upande wa KRA. Pesa zote hizo zilitoka wapi?

Jibu lilikuwa kwenye ile hati ya forodha. Thamani iliyoandikwa ni pauni 300.

Nikampigia dada, na hapa lazima niseme ukweli: kosa la kwanza lilikuwa letu. Kule alikopeleka boksi, karani alimuuliza angependa alipwe kiasi gani kikipotea. Dada, kwa akili ya mtu anayejua Nairobi, akasema 300. Namba hiyo ya bima ikaandikwa kwenye hati ya mzigo, na ankara ya pauni 115 ikabandikwa pembeni kwenye bahasha ya plastiki. Huku Nairobi mtu wa kampuni alikuwa na namba mbili mbele yake. Alichukua kubwa. Hakupiga simu kuuliza.

Nikarudi kwenye simu. Binti mwingine, jibu lile lile: thamani ikishaingia kwenye mfumo wa forodha haibadiliki. Si kweli, jamani. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema msingi wa thamani ni bei iliyolipwa kweli, na kifungu cha 229 kinakupa siku 30 kuomba uamuzi upitiwe upya. Mimi si wakili, nauza vitambaa. Lakini ile sheria iko wazi mtandaoni na nilikaa nayo usiku mmoja na chai ya tangawizi. Nilipotaja namba ya kifungu, binti akanyamaza kidogo, kisha akasema nije ghalani na ushahidi.

Jumatano tarehe 13 nikafunga duka. Kutoka Umoja Innercore unashuka Outering mpaka Taj (lile jengo lilibomolewa 2018 lakini makanga bado wanaita "Taj! Taj!" kama limesimama), hapo unabadilisha gari kuelekea Embakasi. Ghalani, getini unaacha kitambulisho, unapewa kadi, unaketi kwenye benchi la chuma pamoja na watu wenye nyuso kama yako. Jirani yangu alikuwa fundi wa simu aliyekuwa anangoja vioo vya simu kwa wiki mbili. Alikuwa amekuja na chapati zake, mtu mwenye uzoefu huyo.

Yule mama wa dawati la forodha alinisikiliza bila kuangalia simu yake. Nilimpa risiti ya duka, na karatasi ya benki ya dada inayoonyesha pauni 115 zimetoka kwenye kadi siku ile ile. Hiyo ya pili ndiyo iliyofanya kazi. Risiti yoyote anaweza kuchapisha, aliniambia, ila benki haisemi uongo kwa urahisi. Akaniambia pia kitu ambacho hakuna mtu kwenye simu aliyekitamka: wao kama wakala ndio waliowasilisha hati, kwa hiyo wao ndio wa kuomba irekebishwe, mimi nisihangaike kwenda KRA. Siku tatu nne, akasema. Ikarekebishwa Jumatatu tarehe 18.

Sasa tuje kwenye ada zao wenyewe, maana hapa ndipo pesa huvujia. Kuna "ada ya kushughulikia" 3,000, na "ada ya kulipa kwa niaba" 1,500, hiyo ya pili ni kwa sababu wao hutangulia kumlipa KRA halafu wanakudai wewe. Zote zinapigwa VAT, kwa hiyo 3,480 na 1,740. Kwenye hizo sikushinda, na nadhani haki yao ipo, mtu akifanya kazi alipwe. Nililolikataa ni ada ya ghala. Siku tatu za kwanza bure, kisha 580 kwa siku. Walihesabu tisa, shilingi 5,220, na nyingi ya hizo ni siku ambazo mzigo ulikaa ukingoja wao warekebishe fomu waliyoijaza vibaya! Nilimuuliza msimamizi kama fundi akikata suruali yako vibaya huwa anakutoza pia kwa siku anazokaa nayo akiishona upya. Akaondoa siku saba. Nikalipa mbili, 1,160.

Jumla ya mwisho: 18,600. Kutoka 36,992. Nusu ya pesa iliokolewa na karatasi mbili na nauli ya matatu.

Katikati ya hayo yote, Alhamisi ile tarehe 14, ujumbe mwingine uliingia kutoka namba ya kawaida ya simu: kifurushi changu kimezuiliwa forodhani, nitume 4,850 kwa M-Pesa kwa namba hiyo kabla ya saa kumi. Kidole kilikuwa tayari kwenye menyu. Nilivyokuwa nimechoka, 4,850 ilionekana nafuu, hata nikamshukuru Mungu. Kilichoniokoa ni jina: kabla ya kuthibitisha nikaona pesa zinaenda kwa mtu binafsi. Ukiwa unailipa KRA moja kwa moja kuna namba ya malipo, PRN, na pesa huenda kwenye Pay Bill, namba ya M-Pesa ya taasisi au kampuni, ambayo jina lake unaliona. Ukiwa unailipa kampuni, vivyo hivyo, Pay Bill yenye jina la kampuni na namba ya mzigo kama akaunti. Walijuaje nina mzigo? Labda hawakujua, wanarusha tu kama wavuvi. Lakini saa yao walijua kuichagua.

Ukishalipa unafikiri yamekwisha. Jumanne tarehe 19 nilishinda nyumbani. Saa nane mchana ukurasa ukaandika: "Jaribio la kufikisha limeshindikana, mteja hakupatikana." Simu yangu ilikuwa mkononi. Hakuna aliyepiga, hakuna aliyegonga geti. Mlinzi wetu, mzee ambaye hata paka akipita anajua ni wa nani, alisema hakuona pikipiki yoyote ya kampuni. Nilipopiga kulalamika nikaambiwa anwani haieleweki.

Hapo nao nilipata kuwaelewa kidogo. Dada aliandika sanduku la posta la baba na neno "Nairobi". Umoja yetu nyumba hazina namba mtu anazozijua; tunaelekezana kwa duka la dawa, kanisa la mabati, geti jeusi lenye kutu chini. Mfumo wao hauna nafasi ya geti lenye kutu. Nafasi ya namba ya simu ipo, na yangu ilikuwa imeandikwa sahihi kabisa.

Alhamisi asubuhi ndipo akapiga kijana wa boda. "Mathe, niko hapa kwa steji, nikuje wapi?" Nikamwelekeza kwa duka la dawa na kanisa, akafika dakika nne. Kumbe kampuni huwapa wao mizigo ya mitaa hii kwa mkataba, na yeye mzigo wangu alikabidhiwa asubuhi hiyo hiyo. Jumanne haukuwahi kutoka ghalani. Alikataa hata maji, akasema ana mingine kumi na nne kabla ya jua kali.

Boksi lilikuwa limefunguliwa na kufungwa tena kwa utepe wa forodha, hiyo ni kawaida. Vyote vilikuwemo. Gauni la bluu mama alilivaa Jumamosi na likamkaa kama lilishonwa akiwa amesimama hapo.

Viatu vilikuwa saizi 5 ya Uingereza. Mama anavaa 6. Dada aliuliza kama tuvirudishe dukani abadilishiwe, sote tukacheka kwenye simu kwa muda mrefu. Shangazi yetu wa Machakos anavaa 5, kwa hiyo Jumatatu nilivifunga kwenye mfuko, nikampa dereva wa matatu za Machakos pamoja na namba ya simu ya shangazi na shilingi 200. Saa saba mchana alikuwa amevivaa.