Matairi ya gari dogo kabla ya kushuka Same: tafuta kwanza neno STUDLESS

Februari mwaka huu nilipasukiwa na tairi kati ya Same na Makanya, saa nane mchana, nikiwa na mama yangu na wanangu wawili garini. Tulikuwa tunawahi msiba Korogwe. Tairi la nyuma kulia lilianza kwa kuvuma, nikadhani ni lami. Baadaye likawa linapiga bodi. Nilipoegesha pembeni nikakuta ganda la juu limebanduka, linaning'inia, waya ziko nje. Namshukuru Mungu sikuwa na mwendo mkubwa na hapakuwa na lori nyuma yangu.

Matairi yale niliyanunua Arusha mwezi Oktoba, yote manne mtumba wa Japani, elfu sitini kila moja. Kashata, yaani vile vipande vya mpira vinavyokanyaga lami, zilikuwa nene, mpira laini, hayana ufa hata mmoja. Niliyakagua karibu saa nzima. Fundi pancha wa Same hakuhitaji hata dakika. Aliligeuza, akafuta vumbi ubavuni kwa kiganja, akasema, "Dada, hili ni tairi la barafu. Huku halifai." Akaniwekea kidole juu ya neno STUDLESS, na pembeni yake pana alama ya mlima wa vilele vitatu wenye chembe ya theluji ndani. Nikazunguka gari kuangalia mengine matatu. Yote ni ndugu wa lile.

Tangu nilipoeleza mkasa huo, wasomaji kadhaa wamenitumia picha za matairi yao kutoka Moshi, Usa River na Babati, na mengi yana neno hilo hilo. Ndiyo maana leo sitazungumzia saizi (imeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, Vitz nyingi za kuanzia 2005 huvaa 165/70R14) wala rejeta, feni na mkanda, ambavyo fundi wako anavijua. Nazungumzia matairi peke yake, kwa mtu mwenye Vitz, Passo au IST anayetaka kuteremka kutoka kwenye ubaridi wa Arusha kwenda Mwanga, Same, Hedaru na Mombo wakati wa kiangazi, au kushika njia ya Longido hadi Namanga.

Haya matairi ya barafu yametokaje huko yakafika kwetu? Zamani Wajapani walitumia matairi yenye misumari wakati wa theluji. Misumari ikawa inakwangua lami na kujaza miji vumbi, na mwaka 1990 ikatungwa sheria ya kuyapiga marufuku. Badala yake yakashika matairi yasiyo na misumari, na hiyo ndiyo maana ya neno studless. Mpira wake umetengenezwa ubaki laini hata kwenye baridi kali, na kila kashata ina mikato myembamba mingi, kama imepitishwa wembe kwa mwendo wa nyoka, ili ing'ate barafu.

Sasa sikiliza sehemu iliyoniuma zaidi. Ndani ya mifereji ya matairi hayo kuna vituta vidogo vya alama. Kashata ikiisha nusu na kufikia vile vituta, tairi halifai tena kwenye theluji na mwenye gari hulibadilisha. Kwa hiyo tairi linatupwa likiwa bado na nusu ya unene wake, na kwa kuwa yalianza yakiwa na kashata ndefu, nusu hiyo machoni petu inaonekana kama tairi jipya! Ule unene tunaousifia dukani, "cheki kashata hizo mama", mara nyingi ndio dalili ya hatari.

Hapa Arusha, mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, nilitembea na matairi yale miezi minne bila shida. Safari za mjini ni fupi, mwendo mdogo, hewa ya baridi. Ukiteremka tambarare za Same mambo ni mengine. Milima ya Upare inazuia mvua, jua la Februari linapiga lami nyeusi tangu asubuhi, na wewe una abiria wanne, mizigo, na mwendo wa saa mbili bila kusimama. Mpira laini wenye mikato mingi unayumba kila unapogusa lami, na kule kuyumba kunazaa joto ndani ya tairi lenyewe. Joto likizidi, gundi inayoshika ganda na mkanda wa waya inalegea. Kama tairi ni la zamani ndiyo kabisa. Yangu yalikuwa na namba 4411.

Namba hiyo ni muhimu, basi tuimalize. Ubavuni tafuta herufi DOT au kijichumba chenye tarakimu nne peke yake. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 4411 ni wiki ya 44 ya mwaka 2011. Huwa imeandikwa upande mmoja tu wa tairi, na wauzaji wanalijua hilo, ndiyo maana utakuta matairi yamepangwa upande wa tarehe ukiwa umeelekezwa ukutani. Ligeuze. Akikuzuia, ondoka.

Kwa tairi la barafu lenyewe, STUDLESS ndilo neno la kwanza. Majina nayo yanasaidia: Blizzak ya Bridgestone, iceGUARD ya Yokohama, Winter Maxx ya Dunlop. Ni matairi mazuri sana huko yalikotengenezewa. Angalia pia herufi ya mwisho baada ya saizi. Matairi mengi ya barafu ya Japani huishia na Q, yaani mwendo usiozidi kilomita 160 kwa saa, wakati ya kawaida ya saizi hiyo huishia na S au T. Alama ya M+S (matope na theluji) peke yake isikutishe, kwani hata matairi ya gari za porini huwa nayo. Ile ya mlima wenye theluji inapatikana pia kwenye matairi ya misimu yote. Hayo ni afadhali, lakini kwa barabara ya Same mimi siyachukui.

Chaguo langu la kwanza, bila kuzunguka, ni Yokohama BluEarth mpya. Niliyafunga baada ya ule msiba na nimeshakwenda nayo Tanga mara mbili na Namanga mara moja. Kila nilipofika Same nilisimama nikayagusa kwa mkono: yana moto, ndiyo, lakini mkono unakaa. Yale ya zamani yalikuwa yanachoma. Nililipa laki moja na tisini kwa tairi moja na nilinung'unika wiki nzima. Leo nikiwa na watoto nyuma sinung'uniki. Kama huwezi kununua manne kwa pamoja, nunua mawili mwezi huu na mawili mwezi ujao, safari isubiri.

La pili ni Bridgestone Ecopia, au Dunlop mpya ya kawaida. Sina neno baya juu yake; ni mimi tu nimeizoea Yokohama na naipenda. Ukikuta moja kati ya hizi ina tarehe ya karibu kuliko Yokohama iliyoko dukani, chukua hiyo yenye tarehe ya karibu.

La tatu ni matairi mapya ya Kichina na ya Kihindi ya bei ya kati. Hapa tafuta ubavuni maneno TREADWEAR, TRACTION na TEMPERATURE. Mbele ya TEMPERATURE kuna A, B au C, na hicho ndicho kipimo cha tairi kuvumilia joto, A ikiwa bora. Ni matakwa ya sheria ya Marekani, lakini matairi mengi yanayouzwa nchi nyingine nayo yanaandikwa. Chukua A. Matairi ya barafu hayapewi vipimo hivyo, kwa hiyo yakikosekana kabisa, rudi kutafuta neno STUDLESS.

La nne ni mtumba. Kama ndiyo uwezo wako, chagua lisilo la barafu, lisilozidi miaka mitano, na upitishe vidole ndani ya tairi kutafuta kiraka. Sina zaidi ya hapo.

Kinachonikera ni kwamba muuzaji anajua. Yule aliyeniuzia alikuwa ameyapaka dawa nyeusi yanang'aa, na nilipomrudia na kipande cha ganda mkononi akaniambia matairi ni bahati nasibu. Bahati nasibu, mama yangu akiwa kiti cha nyuma! Wengine wanachonga kashata upya kwa kisu cha moto kwenye tairi lililokwisha kuwa kipara, mpaka mfereji unakaribia waya. Ukidai risiti bei inapanda papo hapo, na bila risiti huna pa kulalamikia. Na sisi wanawake tunatajiwa bei nyingine kabisa. Nilimtuma mdogo wangu wa kiume duka lile lile, tairi lile lile, akatajiwa pungufu kwa elfu kumi na tano.

Inaniuma zaidi kwa sababu mji huu ulikuwa unatengeneza matairi. General Tyre, ubia wa Serikali na Continental ya Ujerumani, ilikuwa hapa hapa Arusha hadi uzalishaji uliposimama mwaka 2009. Waliofanya kazi mle bado wapo mitaani, na ukibahatika kumpata mmoja mpeleke dukani na wewe. Mimi nilikwenda na mzee mmoja jirani yetu. Alikataa matairi sita kabla ya kukubali manne.

Ukishafunga, upepo upimwe asubuhi gari likiwa limelala, kwa kipimo chako mwenyewe. Kibandiko cha mlango kikisema 230 kPa, hiyo ni kama 33 psi. Tairi lenye upepo pungufu linapata moto kuliko chochote nilichotaja hapo juu. Ukisimama Same ukakuta upepo umepanda kwa sababu ya joto, usiupunguze.

Halafu fungua buti. Spea nyembamba za Vitz nyingi zinataka 420 kPa, karibu mara mbili ya tairi la kawaida, na mwendo usiozidi kilomita 80 kwa saa. Yangu siku ile ilikuwa na upepo wa kusukumwa na kidole. Tulikaa chini ya mgunga saa moja na nusu tukisubiri kijana wa bodaboda arudi na pampu, mama akiwa amejifunika khanga kichwani, na Korogwe tulifika watu wameshatoka makaburini.