Boma la Wajerumani Arusha: nendeni mkalione, tena mwende asubuhi

Mimi ni mtoto wa Bombo, Uganda, nimekulia karibu na geti la kambi, nyumbani ni Kinubi na Kiswahili, kwa ivyo kambi ya jeshi kwangu si kitu cha ajabu. Lakini hii ya Arusha imenikaa moyoni tangu turudi mwezi uliopita na watu wa nyumbani wananiuliza kila siku kama kweli inafaa mtu atoke Uganda aende kuangalia jengo. Inafaa.

Nilimsindikiza mjomba, alikua na shughuli zake pale makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Waganda wengi wanafika Arusha kwa mikutano, wanaona hoteli, wanaona ukumbi, wanarudi. Usafiri ndo ulitutesa, basi tulilopanda Kampala silitaji jina, kiti changu kilikua kimevunjika mgongo alafu Namanga tukakaa masaa manne juu ya karatasi za gari ambazo walitakiwa kuzitengeneza kabla ya kutuuzia tiketi. Basi nyota moja. Ukiweza lala Nairobi kwanza, usiunganishe.

Boma lenyewe halipotezi mtu, liko mwisho wa Barabara ya Boma, toka Mnara wa Saa unaenda kwa miguu tu. Siku hizi ni Makumbusho ya Elimu Viumbe, na wengi wanaingia kwa ajili ya mifupa ya watu wa kale, fuvu la Zinjanthropus lililopatikana Olduvai 1959 lina maelezo yake, nyayo za Laetoli pia, na wadudu ambao watoto watawapenda. Yote mazuri. Lakini mimi niliendea kuta.

Kuta ni nyeupe, nene, majengo yamezunguka uwanja wa majani, na ukisimama katikati unaelewa mara moja kwamba hii nyumba ilijengwa na mtu aliyewaogopa majirani zake. Wajerumani waliijenga 1899 mpaka 1900. Chanzo ni kwamba 1896 wamisionari wawili wa misheni ya Leipzig ya Ujerumani, Ovir na Segebrock, waliuawa kule Meru, ndo kapteni mmoja anaitwa Johannes akatoka Moshi na askari wake akapiga watu, akachoma nyumba, akachukua ng'ombe. Alafu wale wale waliopigwa, Wameru na Waarusha, wakalazimishwa kuja kujenga ngome ya kuwalinda waliowapiga. Ofisa aliyekaa hapo mwanzo, luteni Georg Küster, wenyeji walimpa jina la Bwana Fisi. Mtu hapewi jina kama hilo bure. Na tarehe 2 Machi 1900 kule Old Moshi wakanyongwa viongozi 19 siku moja, akiwemo Mangi Meli wa Wachagga na wakubwa wa Meru na Arusha, na ukoo wa Meli mpaka leo unatafuta kichwa chake, kinaaminika kilipelekwa Ujerumani.

Sasa kilichonigusa mimi ni askari. Jeshi la Wajerumani huku kwetu lilianza na Wasudani, ofisa wao Wissmann aliwaandikisha Misri 1889. Na sisi Wanubi wa Uganda wazee wetu walikua askari wa Emin Pasha, gavana wa Misri kule kusini mwa Sudan, kapteni Mwingereza Lugard akawachukua 1891 akawaleta huku kwa Waingereza. Yaani ni watu wa upande mmoja kabisa, huyu akaangukia kwa Mjerumani yule kwa Mwingereza, na vita vya 1914 vilipokuja wakapigana wao kwa wao, KAR (King's African Rifles, jeshi la Mwingereza la Waafrika) huku, askari wa Mjerumani kule. Machi 1916 Waingereza wakaingia Arusha. Bibi yangu alikua akituambia babu yake alirudi kutoka vita vya Mjerumani hana vidole viwili vya mguu wa kushoto, si risasi, ni funza, walitembea miezi bila viatu. Nikiwa pale uwanjani nilikua naangalia miguu yangu tu.

Mwingereza alipolichukua akalifanya ofisi ya wilaya. Ndo maana wenzetu Watanzania mpaka leo akisema naenda bomani anamaanisha anaenda ofisi ya serikali, hafikirii ngome wala bunduki. Likaja kuwa makumbusho 1987. Kwetu kambi ni kambi tu milele, sikuwahi kufikiria geti la askari linaweza kupitisha watoto wa shule wamebeba madaftari, na siku ile walikua wengi, wanapiga kelele uwanja mzima.

Chini ya mti alikua amekaa mzee mmoja na mjukuu wake. Nikamwamkia, shikamoo mzee. Marahaba mwanangu, Kiswahili chako cha mbali, umetoka wapi? Nikamwambia Uganda, Bombo, Mnubi. Akanyamaza kidogo akasema yeye ni Mmeru, babu wa baba yake alibeba mawe ya ukuta huu kwa kichwa, na waliokua wanawasimamia na viboko walikua weusi kama mimi, wanaongea lugha ambayo wao hawakuijua. Sikua na la kujibu. Nikasema tu pole sana mzee. Akagonga benchi kwa kiganja, kaa hapa. Nikakaa. Mjukuu akanigawia karanga, na tulikaa pale watatu mpaka mjomba akapiga simu kuuliza nimepotelea wapi.

Kwa boma nyota tano. Chukua nusu siku nzima, usiende na mtu mwenye haraka, na ukimkuta mzee uwanjani mwamkie.