Fomati Ipi Uchukue kwa Aina ya Data Uliyoiunda Mwenyewe

Una rekodi za vipimo. Kila moja ina muda, namba ya kifaa, nyuzi joto na alama ya ubora. Kwenye programu yako hizo nne ni kitu kimoja, aina ya data uliyoitunga wewe, na unataka zikae hivyohivyo kwenye faili. Fomati za kuchagua ni nyingi na karibu zote ni za bure, ndiyo maana wengi huchukua ya kwanza wanayokutana nayo. Gharama huja baadaye, na mara nyingi anayeilipa si wewe bali ni yule atakayefungua faili lako akiwa hana msimbo wako. Kwa hiyo orodha hii nimeipanga kwa swali moja: huyo mtu ataelewa nini akilifungua?

Nafasi ya kwanza: HDF5

Fomati hii ya data za kisayansi ilitoka mwaka 1998, mizizi yake ikiwa katika NCSA, kituo cha kompyuta kuu cha Chuo Kikuu cha Illinois, na leo inatunzwa na The HDF Group. Aina ambatani yake (compound type, yaani sehemu kadhaa zenye majina zikikaa kama kitu kimoja) ndiyo iliyokomaa kuliko zote nilizozitaja hapa. Unaiambia maktaba ukubwa wa muundo wako, kisha unaongeza sehemu moja moja kwa `H5Tinsert`, ukitaja jina la sehemu, mahali inapoanzia ndani ya muundo, na aina yake. Majina hayo yanaandikwa ndani ya faili. Mtu mwingine akiendesha `h5dump`, zana ya kuonyesha yaliyomo kwenye faili, anayaona yote bila kukuuliza chochote, na usomaji unalinganisha sehemu kwa jina, si kwa mpangilio. Akitaka nyuzi joto peke yake, anatengeneza aina yenye sehemu hiyo tu na anapewa hiyo tu.

Kwa Python kazi ni nyepesi zaidi: maktaba ya h5py inachukua safu ya NumPy (maktaba ya Python ya safu za namba) yenye sehemu zenye majina na kuigeuza yenyewe.

Sasa mahali pa kuwa macho. Tuseme muundo wako wa C una herufi moja, kisha `double` (namba ya desimali ya baiti nane), kisha `int` ya baiti nne. Ukijumlisha unapata baiti 13. Kikusanyi (compiler) kwenye mashine nyingi za kisasa kitakupa 24, kwa sababu kinaacha nafasi tupu ili `double` ianze kwenye kizidishio cha nane, na kinaongeza nyingine mwishoni. Ukiitumia aina hiyohiyo ya kumbukumbu kama aina ya faili, nafasi tupu nazo zinaenda kwenye diski. Kwa rekodi milioni moja ni megabaiti 24 badala ya 13. Kubana data (compression) kutapunguza, lakini nafasi hizo zikiwa na takataka za kumbukumbu badala ya sifuri, hata kubana hakutasaidia sana. Dawa ni kutengeneza nakala ya aina, kuipitisha kwenye `H5Tpack`, na kuandikia hiyo. Maktaba itabadilisha yenyewe wakati wa kuandika na kusoma. Au panga sehemu kuanzia kubwa kwenda ndogo: zilezile tatu zinashuka hadi baiti 16.

La pili ni maneno yenye urefu usio maalumu. Yanakubalika ndani ya aina ambatani, ila maandishi yenyewe huhifadhiwa kando, na kichujio cha kubana hakiyagusi. Kama namba ya kifaa haizidi herufi nane, weka urefu maalumu wa nane ufunge mjadala.

Na kasoro ambayo haina dawa: aina ikishaandikwa pamoja na data, huongezi sehemu ya tano. Unaunda seti mpya ya data na kunakili kila kitu. Kama utafiti wako bado unabadilikabadilika, soma nafasi ya pili kwa makini.

Nafasi ya pili: Parquet

Hii ilitoka mwaka 2013 kwa juhudi za Twitter na Cloudera, na haikutoka maabara. Inashika sehemu zenye miundo ndani ya miundo, ila inazihifadhi safuwima kwa safuwima. Hapo ndipo inapoishinda HDF5: rekodi yenye sehemu 40, ukihitaji moja, Parquet inasoma hiyo moja kutoka diskini. Aina ambatani ya HDF5 inakupa sehemu moja pia, lakini diski imeshasoma zote 40, kwa sababu zimekaa pamoja rekodi kwa rekodi. Sehemu mpya unaiweka kwenye mafaili mapya, na zana nyingi zitayasoma ya zamani zikijaza pengo.

Haifai kwa safu zenye dimensheni tatu au nne, maana huko utabaki na orodha ndani ya orodha. Na faili likishafungwa huliongezei rekodi. Unaandika jingine pembeni. Kwa kifaa kinachotema rekodi moja kila sekunde, hilo ni usumbufu wa kweli.

Nafasi ya tatu: NetCDF-4

Najua nafasi hii itawaudhi watu wa hali ya hewa, ambao ndio watumiaji wake wakubwa. NetCDF ya zamani ilikuwa na aina sita tu za msingi, basi. Toleo la nne, la mwaka 2008, lilijengwa juu ya HDF5 na kuleta aina za mtumiaji: ambatani, za urefu usio maalumu, za kuorodhesha thamani, na baiti zisizofasiriwa. Zana yake ya kuonyesha yaliyomo, `ncdump`, inazionyesha vizuri juu kabisa ya faili.

Shida si fomati, ni mazingira yake. Watu huchagua NetCDF kwa sababu ya kanuni za CF (Climate and Forecast, utaratibu wa pamoja wa kueleza data za hali ya hewa), na CF haina nafasi ya aina ambatani. Zana za kuchora ramani na kukokotoa wastani zinatarajia kigeugeu (variable) kimoja cha namba kwa kila kipimo. Ukiweka aina yako umebaki na jina la NetCDF bila faida iliyokuleta. Hapa ushauri wangu ni kuvunja muundo: nyuzi joto kigeugeu chake, alama ya ubora chake, vyote vikitumia mhimili mmoja wa muda. Aina ya kuorodhesha peke yake ndiyo inayovutia, nayo pia CF ina njia yake kwa sifa za `flag_values` na `flag_meanings`.

Zilizobaki

FITS, iliyochapishwa 1981, ichukue kama wasomaji wako ni wanaastronomia. Jedwali lake la baiti linatosha kabisa kwa rekodi bapa, lakini muundo ndani ya muundo hakuna. Zarr ni nzuri kwa data inayokaa kwenye wingu, na toleo la pili linakubali aina zenye sehemu. Kiini cha maelezo rasmi ya toleo la tatu hakina aina hizo, kwa hiyo hakikisha maktaba ya msomaji wako inazifahamu. Faili la `.npy` la NumPy ni la kuhifadhi kazi ya leo uimalizie kesho. Ukikuta linadai `allow_pickle`, yaani ruhusa ya kufungua vitu vya Python vilivyohifadhiwa kwa pickle, liwe limetoka kwa mtu unayemwamini, kwani kulifungua kunaweza kuendesha msimbo wake.

Kabla hujaamua, andika rekodi tatu tu zenye thamani unazozijua, mojawapo iwe na namba hasi na nyingine iwe na maneno yenye herufi zisizo za kawaida. Mpe mwenzako anayetumia lugha tofauti ya programu, usimweleze kitu, na umwombe akutumie thamani alizoziona.