Nililipia kwenda kuliona ghala la pembe za ndovu London

Mimi mtu wa Bagamoyo. Nilipokwenda kumtembelea dada yangu London, nililipia matembezi ya saa mbili kwenye bandari ya zamani ya St Katharine kwa sababu moja tu: Ivory House, ghala lililokuwa likiwekwa pembe za ndovu. Jengo nalipatia nyota tano. Matembezi, mbili.

Kufika ni rahisi, ukishuka treni Tower Hill unatembea dakika chache tu. Bandari ilifunguliwa mwaka 1828, ikafungwa 1968, na maghala yake mengi yameshapotea, mengine kwa mabomu ya vita. Ivory House limebaki limezungukwa na maji: matofali yake ya manjano yaliyofifia, matao mapana chini, mnara wa saa juu ya paa.

Kilichonishika ni mifupa yake. Msanifu George Aitchison alilichora miaka ya 1850, wakati wenye maghala wakiogopa moto kuliko mwizi. Mbao zingewaka, basi nguzo zikawa za chuma cha kumiminwa kwenye kalibu, mihimili ya chuma cha kufuliwa, na katikati ya mhimili na mhimili fundi akapinda matao mafupi ya matofali yanayobeba sakafu ya juu. Niliweka kiganja kwenye nguzo moja. Ya baridi, imepakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na haizidi unene wa paja la mtu mzima. Kitu chembamba hivyo, na ghorofa zote zile zimekaa juu yake!

Sasa malalamiko yangu. Mwongoza watalii alitueleza vizuri mvinyo, marumaru, mazulia na manukato yaliyowekwa humo. Kwenye pembe alisema "zilitoka Afrika", akasonga mbele. Nilimuuliza Afrika ya wapi, akasema hana hakika. Iliniuma. Nyingi zilipitia Unguja, na kabla ya hapo watu walizibeba mabegani kutoka Tabora na Ujiji hadi kwetu pwani, miezi na miezi njiani. Wapagazi wengine walikuwa Wanyamwezi wa kulipwa, wengine watumwa. Zikifika Ulaya zikageuzwa vipini vya visu, mipira ya biliadi na funguo za piano. Ukimtoza mtu hela kumwonyesha nyumba yenye jina hilo, mpe na habari za waliobeba.

Ghorofa za juu sasa ni makazi ya watu, huwezi kupanda. Chini kuna maduka na migahawa, na kuingia bandarini ni bure, kwa hiyo hela ya matembezi baki nayo, kanywee kahawa chini ya yale matao. Pitia lango la East Smithfield: juu ya nguzo zake wamesimama tembo wawili wa sanamu. Dada yangu amekaa London miaka tisa na hakuwahi kuwaona. Tulikaa nao pale mpaka mvua ikatufukuza.