Presha yangu haikupanda yenyewe: wodi ya upasuaji niliyolazwa Mwanza

Hospitali siitaji. Waliowahi kulazwa pale wataijua wenyewe. Kilikuwa kipindi cha upepo mkali ziwani, nilienda kufanyiwa upasuaji wa henia ya kinena, upande wa kulia. Magunia ya dagaa pale soko la samaki la Mwaloni Kirumba nimeyabeba tangu kijana, na ndiko ilikotokea. Vipimo, bima, kufungua faili, sina neno. Nataka kusema habari ya asubuhi ile tu.

Sikuwa nimekula tangu jana yake saa mbili usiku, wala maji sijagusa. Nimevalishwa lile gauni la kufungia nyuma, kanyula, ile sindano ya kupitishia dripu, iko mkononi, nasubiri machela. Nesi akaja na faili, salamu hakuna. "Jina?" Nikataja. "Operesheni gani?" Nikasema. "Upande gani?" Wa kulia. Akaondoka. Akaja mwingine, maswali yaleyale. Ungekuwa wewe? Watu wanaotaka kukupasua wanakuuliza wapasue wapi!

Na mimi nina jambo moyoni. Kaka yangu aliingia tiata, chumba cha upasuaji, miaka ya nyuma, mkoa mwingine, hakutoka hai. Sikumwambia mtu, na hakuna aliyeniuliza.

Yule nesi wa kwanza aliporudi nikamwomba kwa adabu kabisa: "Samahani sista, hii sindano ya ganzi ya mgongo, watu wanasema ukichomwa unaweza usitembee tena. Ni kweli?"

Akacheka. Akaigeukia wodi nzima: "Jamani, baba mzima na ndevu zake anaogopa sindano! Kama hutaki sema, kitanda hicho kina watu wanakisubiri."

Mzee wa kitanda cha jirani aligeukia ukutani kunisitiri aibu. Mwanangu wa kidato cha pili alikuwa amesimama pale, ameshika kandambili zangu.

Walipopima presha ilikuwa 190 kwa 115. Wakasubiri, wakarudia, haikushuka. Daktari wa usingizi akasema leo haiwezekani. Yule nesi akaandika, huku akisema nikiwa namsikia, "Huyu amejipandishia mwenyewe." Uji nilipewa saa tisa alasiri.

Sisi ni watu wa ziwa. Tuliishuhudia meli ya MV Bukoba ikizama mwaka 1996, tukaishuhudia na MV Nyerere mwaka 2018. Hapa abiria akiuliza jaketi okozi liko wapi, hakuna baharia mwenye akili anayemcheka. Anaoneshwa, basi, safari inaendelea. Swali langu lilikuwa hilohilo! Jibu lake lisingemaliza dakika tatu, na kwa kukosa dakika hizo nafasi ya tiata ya siku nzima ikapotea, yangu na ya aliyekuwa nyuma yangu.

Jioni ile nilikuwa nimeshaanza kuandika kwenye simu: msiende, wale si watu. Nikayafuta usiku.

Zamu ya usiku aliingia kijana mmoja, nikamwita daktari. "Mimi ni muuguzi, kaka," akasema, akavuta kiti akakaa. Hakuanza na presha. Aliuliza, "Unachokiogopa hasa ni nini?" Nikamwambia habari za marehemu kaka. Sikuwa nimezisema mbele ya mtu kwa miaka.

Hakuniambia nisiogope. Alinigusa kiunoni akanionesha mahali pa sindano. Akaeleza kwamba ule mshipa mkuu wa neva ulio ndani ya uti wa mgongo, kwa mtu mzima unaishia juu zaidi, karibu na usawa wa mbavu za mwisho, na hapa chini kuna nyuzi za neva tu ndani ya maji. Miguu itapata joto, kisha itakuwa mizito kama si yangu, na baada ya saa chache itarudi. Nitakuwa macho. Nitasikia vyuma vikigongana, nitahisi kuvutwa, lakini maumivu hapana, na nikiyahisi niseme. Nikitetemeka nisione aibu, wengi hutetemeka. Wapo wachache ambao kichwa huwauma sana siku zinazofuata wakiinuka, nikiwa mmojawapo nisinyamaze.

Yale maswali ya jina na upande? Kumbe ni utaratibu. Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya usalama wa upasuaji mwaka 2008, na mgonjwa anaulizwa makusudi kabla ya dawa ya usingizi, kisha timu inahakikisha tena kabla ya kisu. Wanaijua henia yangu vizuri, wanachohakikisha ni kwamba niliyelala pale ni mimi. Lingesemwa asubuhi nisingetetemeka vile! Hata maji, akasema, kwa kawaida chakula kinasimama kwa muda wa saa sita kabla ya upasuaji na maji matupu kwa muda wa saa mbili, ila niulize kwanza zamu yangu ni ya ngapi.

Halafu akaandika kwenye faili kwamba mgonjwa ana hofu, na kwa nini.

Alfajiri akapita kabla hajatoka. "Mwangaluka," akamsalimu mzee wa jirani kwa Kisukuma, akanigeukia na mashine. 146 kwa 90. Sisemi ni maneno peke yake, kidonge pia nilipewa. Lakini usingizi nililala. Tiata, daktari wa usingizi alikuwa ameshalisoma faili. "Nipo hapahapa kichwani pako," akaniambia. Na kweli hakuondoka. Vidole vya miguu vilipoanza kucheza nililia, na sioni haya kulisema.

Kwa hiyo wodi ni nzuri? Ningesema ndiyo. Yule wa kwanza nimemwona siku zilizofuata akikimbia peke yake na wagonjwa chungu nzima, nikataka kumsamehe. Kisha nikakumbuka kwamba wa usiku naye alikuwa peke yake, na kiti alikivuta. Mwanangu bado hataki kuiongelea siku ile. Hapana, sijasamehe.

Mke wangu naye ameandikiwa upasuaji hapohapo. Nitampeleka, kwa sababu ya yule kijana. Lakini sitamwacha kitandani kabla sijajua nani yuko zamu.